Honda ya Baba, Bodaboda ya Mtaani: Injini Moja Iliyozunguka Dunia Ikarudi Ukonga

Kama unaishi Dar es Salaam, mlio wa injini ninayotaka kukusimulia umeshausikia leo, tena huenda mara mia. Umeusikia alfajiri ukiwa bado kitandani, umeusikia kwenye foleni ukipita kati ya magari, na kama ulichelewa kazini basi huenda uliukalia kabisa. Lakini inawezekana hujawahi kumwona babu wa injini hiyo. Sisi tunaye nyumbani. Yuko uani kwetu Ukonga, na kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa ameegemea ukuta wa choo cha nje, kuku wakitaga chini ya tanki lake.

Ni Honda CG125. Kadi yake inasema imetengenezwa mwaka 1982.

Mwaka juzi walipita vijana wanaonunua chuma chakavu, wale wa mkokoteni. Mama alikuwa ameshapatana nao bei kwa kilo, na kwa kweli alikuwa na haki, uani kwetu ni padogo na anahitaji pa kuanikia nguo. Baba akatoka ndani, akasema, "Hiyo si chakavu," akarudi ndani. Hakuongeza neno. Vijana wakaondoka wakicheka. Mama akanigeukia mimi: "Haya, wewe uliyesomea historia. Ama uifanyie hiyo historia yako, ama iondoke."

Mimi shahada zangu zote mbili ni za historia, si za uhandisi. Kabla ya hapo kitu kikubwa nilichowahi kufungua kwa spana ni kitanda. Kwa hiyo usitegemee humu somo la ufundi la mtu aliyebobea. Ninachoweza kukupa ni hiki: niliifungua ile injini nikidhani natengeneza pikipiki, nikakuta ninasoma nyaraka.

Kwa nini CG, kwanza?

Tuanzie Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Honda ilikuwa kampuni kubwa tayari. Pikipiki yao ndogo ya Super Cub, iliyotoka mwaka 1958, ilikuwa inauzwa dunia nzima, na pikipiki zao za sisi 125 zilikuwa zinaingia kwenye nchi zinazoendelea. Shida ni kwamba huko zilikuwa zinakufa mapema. Honda wakatuma wahandisi waende kuangalia watu wanavyozitumia. Walichokiona, wewe unakijua bila kutumwa na mtu: oili haibadilishwi mpaka iwe kama lami, kichujio cha hewa hakisafishwi, cheni haipakwi mafuta, na mzigo unapakiwa mpaka taa ya mbele inaangalia mbinguni. Sisi leo tuna neno kabisa la abiria watatu juu ya pikipiki moja: mshikaki.

Hapo wangeweza kuandika kitabu cha maelekezo kinene zaidi, wawalaumu watumiaji. Hawakufanya hivyo. Walibadilisha injini.

Ili uelewe walichobadilisha, fikiria kazi moja tu ya injini: kufungua na kufunga valvu, zile milango miwili ya kuingizia mchanganyiko wa petroli na hewa na kutolea moshi. Kinachozisukuma ni mhimili wenye nundu, kamshafti. Kwenye injini nyingi za Honda za wakati ule kamshafti ilikaa juu kabisa, kwenye silindahedi, ikizungushwa na cheni nyembamba inayopanda kutoka chini. Ni mpangilio mzuri kwa mwendo kasi. Lakini angalia udhaifu wake: oili lazima ipande mpaka huko juu, tena iwe safi. Ikipungua au ikichafuka, cha kwanza kulika ni huko juu. Na ile cheni nayo inarefuka kadiri inavyotumika, inataka kukazwa.

Kwenye CG, iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1970, kamshafti ilishushwa chini, karibu na kranki, mahali ambapo oili inarukaruka yenyewe hata ikiwa kidogo. Haizungushwi na cheni bali na gia, meno kwa meno. Ina nundu moja tu inayohudumia valvu zote mbili, na kutoka pale fito mbili za chuma, mafundi wanaziita pushirodi, zinapanda kwenda kusukuma valvu. Cheni ya nyuma ya kuzungusha gurudumu ikafunikwa yote ndani ya kava la bati, vumbi lisiione. Kichujio cha oili cha kununua na kubadilisha hakuna. Uchafu unarushwa pembeni na kikombe kinachozunguka pamoja na kranki, mengine yananaswa na chujio la waya unaloosha ukarudisha.

Kwa mhandisi wa mashindano hii ilikuwa kurudi nyuma. Pushirodi ni teknolojia ya kale, na fito zinazopanda na kushuka zina uzito unaozuia injini kuzunguka kwa kasi sana. CG ilitoa kama nguvu farasi 11 tu. Lakini ilitoa nguvu farasi 11 Jumatatu, ikatoa 11 mwaka uliofuata, na ikaendelea hivyo mikononi mwa mtu ambaye hajawahi kusikia habari za kubadilisha oili.

Mimi naona huu ni mmoja wa uamuzi wa heshima sana katika historia ya mashine, na hausemwi vya kutosha. Kuna watu walikaa mezani wakasema: mtumiaji wetu hana fundi jirani, hana spea, na hana hela ya oili mwezi huu. Tumtengenezee yeye.

Namba ya SU

Ya kwetu haikununuliwa dukani na baba. Chini ya rangi nyeusi ya kibati cha namba, nilipopiga msasa, zikatokea herufi mbili: SU. Kama umezaliwa juzi, SU ni shirika la umma. Pikipiki hii ilikuwa ya shirika, ikipandwa na afisa wa shambani, na baba aliipata kwenye mnada mwaka 1996, wakati mashirika mengi yalikuwa yanabinafsishwa na mali zake kugawanywa. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kutoka Ukonga kwenda shuleni kwake wakati ule ilikuwa ama miguu ama bahati.

Sasa fikiria pikipiki iliyoingia Tanzania mwaka 1982. Ni mwaka mbaya kuliko mingi ya kuwa mashine katika nchi hii. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula akiba. Mwaka huo huo wa 1979 bei ya mafuta ikapanda dunia nzima. Fedha za kigeni hazikuwepo, na bila fedha za kigeni spea haiagizwi. Sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni, sembuse ringi za pistoni. Mwaka 1983 serikali iliendesha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka huo huo, kwa kuwa mabasi ya UDA yalikuwa hayatoshi tena, ikaruhusu mabasi ya watu binafsi yaliyokuwa yakibeba watu kwa kujificha. Ndiyo daladala unazozipanda. Mwaka 1984 watu wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, na polepole maduka yakaanza kuwa na vitu.

Haya yote nilikuwa nayajua kwa kuyasoma. Sikujua kwamba yapo uani kwetu pia.

Nilipofungua mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, nilitegemea kukuta bushi za mpira, ndivyo kitabu cha Honda kinavyoonyesha. Upande wa kulia haikuwepo. Badala yake kulikuwa na bushi ya shaba ya njano, imekerezwa kwa mashine, ikiwa na mistari midogo ya kisu cha kukerezea bado inaonekana. Mtu aliikosa spea, akaitengeneza. Nilipofungua kava la upande wa klachi nikakuta gasketi si gasketi: ni karatasi ngumu ya boksi, imekatwa kwa mkasi kufuata umbo la kava, na kwa ndani, chini ya weusi wa oili, unasoma nusu ya neno "SABUNI".

Nilikaa chini. Kweli, nilikaa kwenye ndoo nikaangalia lile neno kwa muda. Baba anasema hakuwahi kufungua upande ule, na kwa mpangilio wa mambo hiyo ni kazi ya fundi wa shirika, wakati ambapo gasketi ilikuwa kitu cha kuombea kibali. Sina jina lake. Nina mkasi wake tu, jinsi ulivyokwenda kombo kidogo kwenye tundu la tatu la bolti.

Babu, wajukuu na safari ya Chongqing

Wakati babu huyu anapigwa gasketi za boksi Tanzania, injini yenyewe ilikuwa inasafiri. Honda walihamishia utengenezaji wake Brazil. Pakistan wakaanza kuitengeneza na hawajaacha mpaka leo. Ukienda Lahore utaikuta CG125 mpya dukani yenye sura ile ile ya zamani. Lakini safari iliyotugusa sisi ni ya China.

China ilipofungua uchumi, viwanda vyake vilijifunza pikipiki kwa ubia na makampuni ya Japani. CG ikawa kipenzi kwa sababu ile ile iliyoifanya ivumilie: vipuri vyake ni vichache, na ni rahisi kuvitengeneza. Miaka ya 1990 wakatokea watu binafsi, hasa katika mji wa Chongqing, wakaanzisha kampuni kama Lifan, Zongshen na Loncin. Zikazungukwa na karakana nyingi ndogo, huyu anatengeneza silinda, yule kabureta, mwingine taa, wote wakifuata vipimo vya injini zile zile chache zilizokuwa zimekubalika. CG ikaacha kuwa pikipiki ya kampuni moja. Ikawa kama lugha: yeyote akitengeneza pistoni kwa kipimo kile, inaingia kwa mwenzake.

Honda hawakufurahi, bila shaka. Ila angalia walivyomaliza: mwaka 2001 waliingia ubia na kampuni ya Sundiro ya kisiwa cha Hainan, kampuni iliyokuwa inajulikana kwa pikipiki za kunakili. Wakamchukua mnakili wakafanya naye kazi.

Injini hizo ndizo zilizoingia bandarini kwetu kwa wingi miaka ya 2000, kwa majina mengi, SanLG likiwa mojawapo. Mtaani wengi waliziita toyo. Vijana wakaanza kubeba abiria kwa jina lililotoka mpakani kwa Kenya na Uganda, bodaboda, lililokuwa awali la baiskeli. Mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria, na hapo mambo yakawa rasmi.

Tahadhari kidogo hapa, maana najua kuna fundi anasoma: si kila bodaboda ni ya ukoo huu. Boxer inatoka kwa Bajaj ya India, ambao walijifunza kwa Kawasaki. TVS walishirikiana na Suzuki. Hizo ni koo nyingine. Lakini ukiona injini ya Kichina yenye pushirodi, iangalie pembeni kama imegongwa 156FMI. Hiyo si namba ya bahati nasibu. Moja ni silinda moja. 56 ni upana wa silinda kwa milimita. F ni kupozwa na upepo. M ni pikipiki. Na I ni alama ya ukubwa wa sisi 125. Upana halisi ni milimita 56.5, na pistoni inasafiri milimita 49.5. Piga hesabu ya mcheduara mwenyewe, utapata sisi 124. Kisha fungua kitabu cha Honda ya 1976. Ni 56.5 kwa 49.5.

Usiku ulioko kwenye pistoni

Sasa nirudi uani, maana nimekuacha na injini iliyokwama. Kiki ilikuwa haishuki hata kidogo. Nilitoa plagi, nikamimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye tundu, nikaiacha. Siku ya nne ikasogea.

Silindahedi ilipotoka, nikaona kilichokuwa kimeikwamisha. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo mirefu upande wa mbele, alumini imeyeyuka kidogo na kujipaka kwenye ukuta wa silinda. Hiyo ndiyo alama ya injini iliyopata moto kupita kiasi, ikaishiwa oili, pistoni ikatanuka ikang'ang'ania.

Nilimpelekea baba ile pistoni. Akaigeuza mkononi, akasema, "Ya mabomu hiyo."

Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 ghala la silaha la jeshi Gongo la Mboto lililipuka. Watu walikufa, wengi wakaumia, na maelfu wakakimbia makazi yao. Wengi walipata hifadhi Uwanja wa Uhuru. Sisi Ukonga tuko karibu sana. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka vioo na anga jekundu. Baba alimpakia mama na mdogo wangu kwenye Honda, mimi nikashikwa mkono na jirani kwa miguu, tukielekea mjini pamoja na kila mtu. Pikipiki ilikuwa inavuja oili tangu wiki ile, baba alikuwa anasubiri mshahara. Akaendesha hivyo hivyo, gia ya kwanza na ya pili katikati ya watu, hakuna upepo wa kuipoza. Ilifika. Ilipofika ikazima, na haikuwaka tena.

Kwa hiyo unaona tatizo langu. Ile pistoni haiwezi kurudi kwenye injini. Silinda nayo imechanika. Kama nataka pikipiki itembee, lazima nitoe kitu chenye ushahidi kuliko vyote.

Nilimfuata fundi mmoja mtu mzima, gereji yake iko nje tu ya Mombasa, Mombasa ya Ukonga, si ile ya Kenya. "Shikamoo fundi." "Marahaba, lete." Nikamwonyesha. Akaniambia habari njema kwa uso wa kuchoka: "Mwanangu, hiyo injini weka pembeni. Nenda kachukue injini nzima ya Kichina, inakaa kwenye fremu hiyo kwa kazi ndogo tu. Ina stata, ina taa kali. Wiki moja unatembea."

Alikuwa sahihi, na ndiyo maana ilinisumbua. Ningepata pikipiki inayowaka, ya ukoo ule ule. Lakini namba ya injini, ile inayoanza na CG125E, imegongwa kwenye boksi la injini lenyewe. Ndiyo iliyoko kwenye kadi. Ukiibadilisha unatakiwa urekebishe usajili, na kuanzia hapo kilichobaki cha mwaka 1982 ni fremu, na maandishi ya SU.

Niliamua nusu kwa nusu. Boksi la injini linabaki, kranki inabaki, kamshafti inabaki. Niliipima nundu yake na baada ya miaka yote ile bado ilikuwa ndani ya kipimo, jambo ambalo wale wahandisi wa Honda wangelipenda. Silinda, pistoni na ringi nikaenda kuvinunua Kariakoo, mtaa wa Gerezani, seti moja ndani ya boksi, ya bodaboda. Kijana wa dukani hakuuliza hata ni ya pikipiki gani. "CG? Hii hapa." Iliingia kama imezaliwa pale.

Undugu una mipaka lakini. Umeme haukubali. Bodaboda inatumia volti 12 na cheche zake zinaamriwa na kijisanduku cha elektroniki. Babu anatumia volti 6, na cheche zake zinatoka kwenye pointi, vile vidole viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana kila kranki inapozunguka. Balbu ya volti 6 nimeitafuta kuliko nilivyowahi kutafuta kitabu chochote cha maktaba.

Tanki lilikuwa na kutu ndani kama mchuzi. Nililijaza siki ya kawaida ya dukani, ile yenye asidi ya asetiki kama asilimia 5, nikatia nati na bolti kukuu, nikalitikisa kila nikipita, kwa siku mbili. Asidi inakula kutu haraka kuliko inavyokula chuma, lakini ukiisahau itahamia kwenye chuma. Baada ya hapo maji yenye baking soda kuua asidi, kukausha haraka juani, na oili kidogo ndani, maana chuma kilichosafishwa kwa hewa yetu ya Dar kinapata kutu mpya ukigeuka tu.

Milimita 0.08

Kuifunga injini si kuiwasha, na kuiwasha si kuiweka sawa. Hapa ndipo nilipojifunza heshima.

Kosa langu la kwanza: gia ya kranki na gia ya kamshafti zina alama, kidoti kwa kidoti, na lazima zitazamane. Nilizipishanisha jino moja. Jino moja tu! Nilipiga kiki Jumamosi nzima, ikikohoa na kurudisha moto kwenye kabureta, mpaka mguu ukavimba. Ilibidi nifungue upande mzima upya. Mama alipita na beseni la nguo, hakusema kitu, na ninamshukuru.

Ya pili ni tapeti. Kati ya mkono unaosukuma valvu na valvu yenyewe lazima iachwe nafasi, kwa sababu chuma kikipata moto kinatanuka. Usipoiacha, valvu haifungi vizuri injini ikichemka, mgandamizo unavuja na valvu inaungua. Ukiiacha kubwa mno, inagonga, ule mlio wa cherehani unaousikia kwenye bodaboda nyingi. Kwa CG nafasi ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi, alama ya T ikiwa mahali pake na pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo. Karatasi ya fotokopi ni nene kuliko hapo. Unaipima kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya chuma: kikipita kwa kukwaruza kidogo, kama unavuta karatasi chini ya kitabu, umefika.

Ya tatu ni muda wa cheche. Pointi zinaachana kati ya milimita 0.3 na 0.4, na zinatakiwa zianze kuachana pale alama ya F inapofika. Yule fundi alinionyesha mbinu ambayo kitabu hakina: unabana kipande cha karatasi ya sigara katikati ya pointi, unazungusha kranki polepole kwa mkono huku ukikivuta. Kikiachia tu, simama uangalie alama. Hakuna kifaa cha kununua.

Mwisho ni kabureta. Tundu lake la petroli ya mwendo mdogo lilikuwa limezibwa na ulimbo ambao petroli huacha ikikauka. Nililisafisha kwa uzi mmoja wa waya wa shaba niliotoa kwenye waya wa umeme. Skrubu ya hewa unaifunga taratibu mpaka ikae, kisha unaifungua takriban raundi moja na nusu, halafu unasikiliza. Unasikiliza tu. Injini ikikaa sailensa, bila mkono, inazunguka kama mara 1,300 kwa dakika. Kwa kuwa injini hii inalipua petroli mara moja kila mizunguko miwili, hiyo ni milipuko 650, karibu 11 kila sekunde. Ukiitamka kwa mdomo kwa kasi unayoiweza unapata neno lenyewe: pikipikipikipiki. Babu zetu wengine walisikia tukutuku, na neno hilo nalo limo kwenye kamusi.

Gasketi ya boksi la sabuni ilivunjika nilipoitoa, iko kwenye bahasha pamoja na kadi ya zamani. Pistoni ya mabomu iko juu ya kabati la vyombo. Bushi ya shaba niliisafisha kwa mafuta ya taa, nikaipaka grisi, nikairudisha ilipokuwa, upande wa kulia. Upande wa kushoto nimeweka ya mpira, mpya.

Iliwaka Jumapili jioni, kiki ya tano. Moshi mweupe kwanza, ule wa oili niliyopaka kwenye silinda, kisha ukakata. Vijana wa kijiweni wakaja getini, mmoja akachuchumaa, akaweka sikio karibu na injini, akamwambia mwenzake, "Oya, si ndiyo yangu hii?" Mama alitoka na simu akirekodi. Baba alibaki ndani, na mimi nikawa namsubiri huku najifanya nafuta tanki.

Akatoka baadaye kidogo, amevaa kandambili. Akasimama, akainamisha kichwa upande mmoja kama anavyofanya akisikiliza redio.

"Sailensa imezidi," akasema. "Punguza."

Nikachukua bisibisi, nikarudisha skrubu robo raundi.